Waliotua

"Hesabu waliotua, siyo wanaopita,"
alisema Damari wa zahanati, akarudia,
maana sisi wa Kongwa nzi hatuwaoni tena.
Ni kama vumbi. Ni kama salamu.

Basi nikamketisha Sechelela kizingitini,
mgongo kwa upepo,
mikono chini ya mapaja asije akapunga.
Dakika tatu kwenye simu ya kuazima.
Mmoja, kona ya jicho la kushoto.
Mmoja puani, akanywa, akaondoka,
akarudi. (Akirudi ni mwingine, ndivyo tulivyofundishwa.)
Mwanangu hakupepesa.
Hilo ndilo lililoniuma:
miaka minne tu, na ameshazoea
kunywewa macho.

Kumi na saba.

Kidole kikasimama juu ya kitufe.
Jirani yangu Perusi alituma nne,
na wanawe nawajua.
Kumi na saba ni uchafu wangu kuanikwa,
ni mimi kutajwa foleni ya kisimani.
Nikafuta saba, ikabaki moja:
moja safi, nzuri,
kama mtoto wa kwenye kalenda.

Ndani, mama mkwe alikuwa anazisaka kope zake
kwa kibano na ncha ya kidole,
zile zinazoota kuelekea ndani
na kumkwangua mboni kila anapofumba.
Huzing'oa bila kioo. Kioo cha nini?
"Umeandika ngapi?"
Nikanyamaza.
"Mimi," akasema, akipuliza ukope kutoka kidoleni,
"hakuna aliyenihesabia."

Nikairudisha saba pale ilipokuwa.
Simu ikajibu: Asante, imepokelewa.
Haikucheka. Haikuuliza mama yake ni nani.

Wiki sita tulihesabu, kaya arobaini na moja,
kabla jua halijakaza,
tukiandika na upepo, na mvua isiyokuja.
Mkosaji tulikuwa tumeshampata zamani:
zizi la Chilongani, ng'ombe themanini
katikati ya kitongoji.
Barua ya kumhamisha ilikuwa tayari,
ikingoja muhuri.

Damari akabandika karatasi ukutani mwa ofisi,
kila nyumba nukta,
penye nzi wengi nukta nene.
Tukautafuta unene pale zizini.
Wajukuu wa Chilongani, wanaolala na ndama:
watano. Sita.
Nukta nene zilikuwa zimejikusanya, kama nzi wenyewe,
kukizunguka kichaka nyuma ya kilabu cha pombe,
kile kichaka cha wanaume wazima
ambacho kila mtu anakijua
na hakuna anayekitaja.

Mwenyekiti akakohoa.
Akaibandua karatasi, akaigeuza,
kana kwamba upande wa pili
kuna kijiji kingine.
Chilongani ndiye aliyecheka kwanza,
akacheka mpaka kofia ikaanguka,
halafu Perusi, halafu mimi,
halafu kicheko kikatuishia kwa pamoja
kwa sababu kila mmoja wetu
ana mume, au kaka, au mwana.

Sisemi kwamba yamekwisha.
Shimo la choo limefika kiunoni mwa mchimbaji
likakutana na mwamba.
Maji bado ni mwendo wa saa nzima,
na dumu likifika linagombewa:
sufuria linavuta, uso unavuta.
Nimefunga kibuyu chirizi kwenye nguzo ya tembe,
kamba, kijiti cha kukanyaga,
mkondo mwembamba kama uzi wa kushonea.
Sechelela hunawa amefumba macho kwa nguvu
kama mtu anayeomba,
na maji yakikatika huendelea kukanyaga.

Leo asubuhi amenivuta gauni.
"Kaa, mama. Zamu yako. Usipepese."
Akachuchumaa mbele yangu, kidole hewani,
akaanza kuhesabu kwa sauti ya Damari.
Sita bado hajaijua, huiruka.
Nikatulia.
Tatu.
Nne.
Tano.
Saba.

Nitarekebisha wakati wa kutuma.